Namna ya kuandika tahakiki ya shairi la msiba wa utotoni

Shairi linalozungumzia kifo cha mtoto humtega mwanafunzi kwa namna yake. Mashairi mengine humfanya akose la kusema. Hili humfanya aseme mengi mno. Anaandika kwamba kifo kinauma, kwamba familia ilihuzunika, kwamba mshairi ametuonyesha uchungu wa kuondokewa na mpendwa, na ukurasa unajaa kabla hajagusa neno hata moja la shairi lenyewe. Sentensi hizo si za uongo. Tatizo ni kwamba zinafaa kuandikwa juu ya shairi lolote la kilio. Tahakiki huanza pale unaposema jambo ambalo ni la shairi hili peke yake.

Ili uone kazi inavyofanyika, tutashika shairi moja: "Mid-Term Break" la Seamus Heaney, mshairi wa Ayalandi Kaskazini. Limo katika diwani yake ya kwanza, Death of a Naturalist, iliyotolewa London mwaka 1966. Lina mishororo 22 tu, na Kiingereza chake ni chepesi kiasi cha kusomwa na mwanafunzi wa sekondari. Nimelichagua zaidi kwa sababu huzuni yake haikuwekwa mezani, inabidi uitafute. Hatua hizihizi zitakufaa kwa shairi jingine lolote la aina hii, la Kiswahili au la lugha nyingine. Tafuta nakala kamili uwe nayo karibu, maana hapa nitanukuu maneno machache tu.

Neno moja kabla ya kazi. Ukiwa wewe mwenyewe ulifiwa na ndugu ulipokuwa mdogo, shairi hili linaweza kukurudisha mahali usipotaka kurudi. Una ruhusa ya kuomba shairi jingine. Ukiamua kuendelea, chukua karatasi ya pembeni uandike kumbukumbu yako kwanza, yote, kisha iweke kando. Haitaingia katika tahakiki, lakini itakusaidia kuuliza maswali ambayo wenzako hawatayauliza.

Hatua ya kwanza: lisome kwa sauti, kisha lisimulie

Lisome kwa sauti mara mbili au tatu kabla hujatafuta lolote kuhusu mshairi. Kisha lifunike uandike kinachotokea, kwa mpangilio uleule, kwa sentensi kavu zisizo na hukumu. Mtu akifanya hivyo kwa shairi hili atapata kitu kama hiki:

Mvulana amekaa asubuhi nzima katika chumba cha wagonjwa shuleni, anahesabu kengele za vipindi. Saa nane mchana majirani wanamrudisha nyumbani kwa gari. Barazani anamkuta baba yake analia, baba ambaye misiba mingine haikuwa ikimtikisa, na Big Jim Evans anasema ni pigo zito. Ndani, mtoto mchanga anacheka na kutikisa kigari chake. Wazee wanasimama kumpa mvulana mkono na pole, naye anaona haya. Watu wananong'onezana kwamba huyu ndiye kifungua mimba, yule anayesoma mbali. Mama amemshika mkono, anapumua kwa hasira bila machozi. Saa nne gari la wagonjwa linaleta maiti. Asubuhi yake mvulana anapanda chumbani, anakuta maua na mishumaa, na anamwona marehemu kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Ana alama ya jeraha kwenye panja la kushoto. Bampa lilimrusha pembeni. Amelala katika sanduku la futi nne, futi moja kwa kila mwaka.

Wengi hudharau hatua hii, na ndiyo maana hawaoni jambo kubwa kuliko yote katika shairi: mpangilio wa habari. Angalia unajua nini, na unakijua lini. Katika ubeti wa pili unahisi kuna msiba, lakini wa nani? Katika ubeti wa tano unaambiwa kuna maiti. Katika wa sita maiti inakuwa mtu, "him". Katika wa saba, kitanda cha mtoto kinakudokezea kwamba aliyekufa ni mdogo, na neno bampa linakwambia alikufaje. Umri wake unakuja katika mshororo wa mwisho kabisa. Jina lake halitajwi popote, wala hakuna mahali shairi linaposema "ndugu yangu".

Sasa lisome tena ukiwa unajua mwisho. Pigo zito analolitaja Big Jim Evans ni maneno ya kawaida ya kumfariji mfiwa, lakini msomaji wa mara ya pili anajua kwamba kuna mtoto aliyepigwa kweli, na gari. Aliyetamka hakukusudia hivyo. Mshairi alikusudia. Weka alama hapo kwa penseli.

Hatua ya pili: mtenge mshairi na nafsineni

Hapa sasa unaweza kutafuta historia. Heaney alizaliwa mwaka 1939 katika shamba la Mossbawn, mkoa wa Derry, akiwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Alikuwa na miaka 13, akisoma bweni St Columb's College mjini Derry, pale mdogo wake Christopher alipogongwa na gari karibu na nyumbani na kufa, Februari 1953. Jambo hilo halikumtoka: katika diwani aliyoitoa mwaka 2006, zaidi ya miaka 50 baadaye, bado kuna shairi linalomrudia mdogo wake huyo.

Habari hizi zinastahili sentensi moja au mbili katika utangulizi wako. Zikizidi hapo, utakuwa unaandika wasifu. Tena usizitumie kama ushahidi. Kuandika kwamba "shairi linagusa kwa sababu ni tukio la kweli" ni kukimbia kazi. Watu wengi hufiwa kweli na mashairi yao hayamgusi mtu.

Faida halisi ya historia hii ni moja: inakuonyesha kwamba ndani ya shairi kuna akili mbili. Kuna mvulana anayeona, na kuna mtu mzima anayeandika miaka mingi baadaye. Nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi, anazungumza kama mvulana, ila mara mojamoja mtu mzima anapenya. Mfano mzuri ni kengele za shule katika mshororo wa pili. Kitenzi alichochagua Heaney, "knelling", ni cha kengele za kanisa zinazotangaza kifo. Mvulana anasikia kengele za vipindi. Mwandishi anasikia kengele za mazishi. Ukiandika "nafsineni" pale unapozungumzia anayeona, na "Heaney" pale unapozungumzia aliyechagua neno, tayari tahakiki yako itakuwa imepata mpangilio ambao nyingi hazina.

Hatua ya tatu: orodhesha nani anafanya nini, na nani anahisi nini

Chora mistari miwili katika karatasi yako upate safu tatu: mtu, anachofanya, anachohisi. Jaza kwa kufuata shairi. Baba: analia. Mama: anashusha pumzi za hasira, bila machozi. Mtoto mchanga: anacheka. Wazee: wanasimama, wanatoa mkono, wanatoa pole. Mvulana: amekaa, anahesabu, anakutana na baba, anaingia, anapanda, anaona.

Angalia safu ya tatu ya mvulana. Ina neno moja tu, nalo ni haya. Shairi zima la msiba, na hisia pekee ambayo mfiwa anaitaja kwa jina lake ni kuona haya kwa sababu wazee wamemsimamia. Hasemi amehuzunika, hasemi alilia.

Kuna mengine mawili ambayo orodha hii inayafichua. La kwanza ni kwamba mambo yamepinduka: mwanamume mzima, aliyezoea misiba, ndiye anayelia, na mtoto mchanga ambaye kazi yake ni kulia ndiye anayecheka. La pili ni kwamba karibu kila kitu kinafanywa na wengine. Majirani wanamsafirisha, minong'ono inamtambulisha, mama anamshika, gari linaleta. Mvulana anaamua jambo la kwanza kwa hiari yake pale tu anapopanda chumbani asubuhi, peke yake.

Ukifika hapa umeshapata malighafi ya kutosha. Hujataja tamathali hata moja ya semi, na bado umesema mambo ambayo hayawezi kuhamishiwa shairi jingine.

Hatua ya nne: tengeneza hoja kuu

Hoja kuu hutokana na swali, na swali zuri hutokana na kitu kilichokukwaza. Katika shairi hili kinachokwaza ni kwamba mvulana halii. Basi uliza: huzuni yake imekwenda wapi?

Rudi kwenye maandishi utafute kitu anachokifanya badala ya kulia. Anahesabu. Anaanza kwa kuhesabu kengele. Anaijua saa aliyochukuliwa na saa maiti ilipofika. Anajua ni wiki sita tangu amwone mdogo wake. Anajua urefu wa sanduku. Na mshororo wa mwisho ni hesabu tupu, futi kwa mwaka, bila kitenzi hata kimoja.

Sasa linganisha hoja tatu:

"Shairi hili linahusu huzuni ya kufiwa na ndugu." Hii ni mada. Hakuna mtu atakayekubishia, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha.

"Heaney anatumia taswira na mishororo mifupi kuonyesha huzuni ya mvulana." Hii inataja vifaa lakini haisemi vinafanya nini. Isitoshe, mishororo ya shairi hili si mifupi. Ni kosa la kuandika bila kutazama.

"Mvulana anatwishwa msiba wa kiutu uzima kabla hajapata maneno ya kuusema, na kitu pekee kilicho mikononi mwake ni kuhesabu, ndiyo maana mshororo wa mwisho, ulio hesabu tu, unakuwa mzito kuliko machozi ya baba yake." Hii mtu anaweza kuibishia. Kwa hiyo inastahili kurasa tatu.

Kabla hujaikumbatia hoja yako, tafuta mahali shairi linapoipinga. Wanafunzi huruka hatua hii kwa kuogopa kuharibu walichojenga, wakati kwa kweli ndipo tahakiki inapokomaa. Katika beti za sita na saba mvulana hahesabu tu. Anaona maua na mishumaa vikituliza mahali pale. Anaona jeraha kama ua. Anaona sanduku kama kitanda cha mtoto, na hiyo ndiyo tashbihi pekee ya shairi zima. Je, hoja imevunjika? La, imepata kina. Akiwa mbele ya watu, mvulana ana hesabu na haya tu. Akiwa peke yake na marehemu, ulimi wake unafunguka kwa mara ya kwanza. Halafu mshororo wa mwisho unaufunga tena kwa vipimo. Hii nayo iingize katika hoja yako, na sasa tahakiki ina mwendo: kutoka nje, kuingia ndani, na kufungwa.

Hatua ya tano: lisome umbo pamoja na maana

Tumefundishwa kugawa uhakiki katika fani na maudhui: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, kisha dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo. Orodha hiyo ni nzuri ya kujikagua ili usisahau kitu. Ukiigeuza kuwa mpangilio wa insha, unapata kurasa ambazo tashbihi inatajwa kwenye ukurasa wa kwanza na maana yake inakuja, kama inakuja, kwenye ukurasa wa nne. Msimamo wangu katika hili hauyumbi: usiandike kamwe juu ya umbo bila kusema, katika aya ileile, linafanya nini kwa maana.

Tuchukue muundo. Shairi lina beti saba za mishororo mitatu, kisha mshororo mmoja umesimama peke yake. Ni tathlitha, ila haina vina vya kudumu kama tathlitha zetu za kimapokeo, na mizani yake inazunguka kumi bila kushikilia hapo. Usiishie hapo. Kwa nini mmoja umeachwa peke yake? Ubeti ulitarajiwa kuwa na mitatu. Huu umekatika kabla haujakamilika, na unaeleza maisha yaliyokatika kabla hayajakamilika. Utaona wahakiki wengi wamesema hivyo, na ni sahihi, lakini usilifanye kuwa ugunduzi mkubwa. Liseme kwa sentensi moja uendelee.

Penye utajiri zaidi ni vina. Katika mishororo 21, ukiacha neno "hand" linalojirudia lenyewe, vina vinakaribiana bila kukutana: "close" na "home" vina irabu moja lakini konsonanti tofauti, vivyo hivyo "sighs" na "arrived". Sikio linangoja. Halafu mshororo wa 21 unaishia "clear", na wa 22, ng'ambo ya nafasi tupu, unaishia "year". Hicho ndicho kina kamili cha kwanza na cha mwisho kwenye miisho ya mishororo, na mizani ya mishororo yote miwili ni kumi barabara. Shairi linafungika pale hesabu inapokamilika. Ukiunganisha hilo na hoja yako ya kuhesabu, utakuwa na aya nzima ambayo mwalimu wako hataisoma katika karatasi nyingine.

Kisha kuna mistari mishata, ile ambayo maana yake haikomi mwishoni mwa mshororo bali inavuka kwenda mwingine. Hii tutaishughulikia katika aya ya mfano hapa chini.

Kuhusu taswira, chagua chache uzichimbe. Jeraha lililo kama ua la popi linatosha kukushughulisha. Popi ni jekundu, kwa hiyo rangi ya damu imo. Ni mmea unaohusishwa tangu kale na usingizi, na usingizi unarudi mara moja katika kile kitanda cha mtoto. Uingereza na maeneo ya jirani huvaa ua hilo kuwakumbuka waliokufa vitani. Sasa tazama kitenzi: mtoto "amelivaa" jeraha hilo, kama pambo linaloweza kuvuliwa. Jicho la ndugu yake linakataa kuliona kuwa sehemu ya mwili wake. Taswira moja iliyosomwa hivi inazidi orodha ya tamathali kumi.

Hatua ya sita: uache msiba ubaki wa kwao

Msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi nzuri na ana mtego. Anajua vizuri nyumba ya msiba: watu kujaa, wazee kusimama, pole kutolewa kwa maneno yaleyale yaliyokubalika. Anaelewa mara moja kwa nini mvulana anaambiwa pole kwa sentensi ya mazoea. Mtego ni kudhani kila kitu ni kama kwetu.

Huu ni msiba wa Wakatoliki wa mashambani Ayalandi. Mwili unarudishwa nyumbani, unalazwa chumbani, mishumaa inawashwa, majirani wanakesha na kupita kumwona marehemu. Mwanafunzi wa Kiislamu wa Lamu au Unguja, aliyezoea maiti kuzikwa haraka, anaweza kushangaa kwa nini sanduku limelala nyumbani usiku kucha. Mshangao huo auchunguze, asiuruke. Kushikana mikono na kusema "sorry for your trouble" ni desturi ya kwao, na kwa desturi hiyo mwana mkubwa anapewa mkono kama mtu mzima. Hapo ndipo haya yake inapotokea. Hata yale maua yana majira yake: ni maua madogo meupe yanayochanua mwishoni mwa baridi kali, kabla mengine hayajaamka, na kifo kilitokea Februari.

Ukiandika kwa Kiswahili, jihadhari pia na saa. "Two o'clock" ni saa nane na "ten o'clock" ni saa nne. Kama hoja yako inategemea tarakimu, nukuu asili kisha eleza, usije ukahesabu namba ambazo Heaney hakuziandika.

Hatua ya saba: andika aya moja vizuri kabla ya kuandika zote

Usianze na utangulizi. Anza na aya ya katikati, ile unayoiamini zaidi. Hii ni aya dhaifu, ya aina ninayoiona mara nyingi:

"Mshairi ametumia mistari mishata. Mistari mishata ni mistari ambayo haikamiliki kimaana. Kwa mfano, 'as my mother held my hand / In hers'. Hii imesaidia kuleta mtiririko mzuri na kuonyesha huzuni ya familia."

Fasili imechukua nafasi ya uchambuzi, nukuu imeachwa peke yake, na "mtiririko mzuri" ni sifa inayoweza kubandikwa popote. Sasa soma hii:

"Kadiri waombolezaji wanavyomsogelea mvulana, ndivyo sentensi zinavyokosa pa kutua. Beti mbili za kwanza zinafungwa na nukta. Kuanzia wa tatu mipaka inavunjika: wazee wanamshika mkono mwishoni mwa ubeti wa tatu na pole yao inafika mwanzoni mwa wa nne, mama anamshika mkono mwishoni mwa ubeti wa nne, na mkono wa mama wenyewe, 'in hers', unatajwa baada tu ya kuvuka nafasi tupu. Mvulana hakuchagua lolote katika haya. Anapitishwa kutoka kiganja hadi kiganja, na hakuna ubeti unaomkamilishia tendo, mpaka maiti inapoletwa na nukta inarudi mwishoni mwa ubeti wa tano. Heaney hasemi kwamba mtoto amepotea ndani ya nyumba yao; anapanga beti ili msomaji apotee naye."

Aya hii inaanza na dai. Ushahidi wake umetajwa mahali ulipo, ubeti kwa ubeti. Nukuu ni fupi, imeingizwa ndani ya sentensi. Mwisho unarudi kwenye hoja kuu bila kuirudia neno kwa neno. Hutakiwi kufuata mfuatano huo kila mara, lakini kila aya yako iwe na vitu hivyo vinne mahali fulani.

Ukishapata aya tatu au nne za namna hii, zipange kwa mwendo wa hoja. Kwa shairi hili ningependekeza uanze na kuhesabu na kengele, uende kwa baba, mtoto mchanga na haya mbele ya watu, kisha mikono na mistari mishata, kisha chumbani na taswira zake, umalizie na mshororo wa mwisho na kina chake. Unafuata shairi lakini kila kituo kina dai lake.

Utangulizi, hitimisho, na kusahihisha

Utangulizi uwe mfupi: jina la shairi, mshairi, mwaka, hali inayosimuliwa kwa sentensi moja, kisha hoja kuu. Sentensi kama "Kifo ni jambo la kawaida kwa kila mwanadamu" ifute bila huruma. Kuhusu kichwa cha shairi, kinachoahidi mapumziko ya katikati ya muhula na kutuletea likizo ya namna nyingine kabisa, unaweza kukitumia hapa, kwa sentensi moja.

Hitimisho lisirudie orodha ya ulichosema. Chukua jambo moja ambalo hoja yako inalifungua na hukupata nafasi ya kulijibu. Kwa mfano, neno jeneza halimo katika shairi. Mvulana anasema sanduku, na analisema mara mbili. Je, hilo nalo ni kukwepa, au ni jicho la mtoto linaloita kitu kama kilivyo? Toa jibu lako, hata kama ni la nusu ukurasa.

Toni ya maandishi yako ifanane na ya shairi. Mvulana hakupiga mayowe, kwa hiyo maneno kama "inasikitisha mno" na "yanaliza sana" yataonekana makubwa kuliko anachokieleza. Kwenye rasimu ya kwanza, pigia mstari kila kivumishi cha huzuni ulichotia wewe mwenyewe, kisha uliza kama shairi limekipa ruhusa. Ukikuta nukuu mbili zimefuatana bila neno lako katikati, eleza ya kwanza kabla hujafika ya pili. Hakikisha idadi za beti na mishororo unazozitaja ni sahihi kwa kuzihesabu upya kwenye nakala, si kwa kumbukumbu.

Mwisho, mpe rasimu mtu ambaye hajalisoma shairi na umwombe akuambie, kwa sentensi moja, unadai nini. Akikusimulia kisa cha mtoto aliyegongwa na gari, bado umeandika muhtasari. Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya kila aya, na uziandike upya zote kabla ya kugusa kitu kingine.